Msumeno wa Kuvuta

Msumeno wenyewe niliununua Louisville, mtaa wa Iroquois, kwa jirani aliyekuwa anahama na ameanika vyombo vyake kwenye majani mbele ya nyumba. Ulikuwa umelala katikati ya sufuria na viatu vya watoto: bati jembamba lenye meno pande zote mbili, na mpini mrefu ulionyooka, umezungushiwa nyuzi kavu. Mwenyewe aliniambia unatoka Japani na kwamba yeye alishindwa nao. Nilimwamini papo hapo, maana bati lilikuwa na mkunjo katikati.

Siku hiyo mdogo wangu wa kiume alikuwa amekuja kututembelea kutoka Columbus. Yeye ni mtu wa ofisi, anavaa kitambulisho shingoni hata Jumamosi. Aliuchukua ule msumeno, akaweka kipande cha ubao kwenye ngazi za mlangoni, akakanyaga, akasukuma kwa nguvu zake zote. Bati likajipinda, likagoma. Akasukuma tena. Baba yetu wakati huo alikuwa bado hai, amekaa kwenye kiti cha plastiki, na alicheka mpaka akakohoa.

"Mpe dada yako," alisema. "Huyo ndiye anayejua kuvuta."

Nikaushika, nikavuta, ukaingia kwenye ubao bila ubishi. Misumeno ya Kijapani hukata unapoivuta kuja kwako. Ukiisukuma inarudi tu, haifanyi kazi yoyote, na ndiyo maana bati lake linaweza kuwa jembamba vile bila kuvunjika. Mtu aliyezoea msumeno wa kawaida lazima aifundishe mikono yake upya. Mimi sikuwa na cha kujifunza upya, kwa sababu kazi ya mbao niliijulia chini ya gogo.

Tulikulia kambini Tanzania, upande wa Kigoma, baada ya wazazi wetu kukimbia Burundi. Baba alikuwa mpasua mbao. Gogo lilipandishwa juu ya shimo, mtu mmoja akasimama juu ya gogo, mwingine akashuka shimoni, na msumeno mrefu ukasimama wima kati yao. Aliye juu ndiye anayeuona mstari, na yeye huunyanyua msumeno. Aliye chini huvuta, na ni kule kuvuta kunakokata. Mwenzake baba aliporudi Burundi, mdogo wangu alikuwa bado mtoto wa kubebwa. Baba akatazama huku na huku, kisha akanitazama mimi, msichana wa miaka kumi na minne.

Watu walisema sana. Wapasua mbao wengine walipita ukingoni mwa shimo wakiniimbia, "Aliye juu mngoje chini!" na kucheka. Mama hakusema kitu. Alinifunga kitenge kichwani ili unga wa mbao usinijae, akachukua kamba yake, akaenda kutafuta kuni.

Ukiwa shimoni huoni unachokata. Unaona nyayo za baba yako na kamstari ka mwanga, na unga unakunyeshea usoni siku nzima. Kazi inakwenda wapi, hilo ni la aliye juu. Lako ni kusubiri neno moja. Baba alisema "Vuta," nami nikavuta. Baada ya muda hakuwa na haja ya kusema, kwa sababu msumeno wenyewe ulinijulisha: ulikuwa mwepesi ghafla pale alipounyanyua, na nikajua zamu yangu inakuja. Kwa namna alivyounyanyua tu niliweza kujua kama amekasirika, au ana njaa, au jana usiku walicheka na mama. Sijawahi kumjua mtu mwingine kiasi hicho, na nilikuwa siuoni uso wake.

Alifariki Louisville. Alikuwa amefanya kazi kwenye ghala moja la South End, shifti ya asubuhi, mpaka pumzi ilipomkatalia. Tulimzika wakati wa baridi. Kanisa lilijaa, kwaya iliimba vizuri, na mimi nilikuwa mbio mbio, nani kaleta viti, nani hajapata chakula. Sikulia. Akina mama walinishika mabega wakanisifu kwa ujasiri wangu. Kuna sifa ambazo mtu angezikataa kama angekuwa na akili, lakini nilizipokea zote.

Mwaka uliofuata nikanunua nyumba Buffalo, mtaa wa Black Rock, karibu na mto. Nyumba za kule zilikuwa kuukuu na za bei ya watu kama sisi. Halafu, kusema kweli, nilikuwa siwezi tena kukaa Louisville, kwa maana kila nilikogeuka nilisikia kikohozi chake. Sina mume wala mtoto. Nilimchukua mama, tukapakia gari, na njiani tukalala Columbus kwa mdogo wangu.

Mama alikuwa amekonda mno. Alishika kijiko, akakoroga, akakiweka chini. Hakuongea ila wakati wa kuomba. Mdogo wangu aliniita pembeni kwenye jiko lake linalong'aa, akaniambia ameshaongea na nyumba moja ya wazee pale Columbus, safi, yenye wauguzi mchana na usiku.

"Dada, nakupa mpaka Krismasi. Kama bado hataki kula, nakuja kumchukua. Siyo kwa ubaya."

"Mama hajalelewa kulishwa na wageni."

"Na wewe pia umekonda, unajua?"

"Mimi nimeshiba," nilimjibu. Nilikuwa naishi kwa chai na mkate, nakula nimesimama, lakini hilo halikumhusu. Mwanamke aliyetulea kwa mgao wa mahindi, aende akaketishwe kwenye chumba cha watu wasiojua hata kumsalimia! Nikaapa moyoni kwamba hatakwenda, na nikaondoka Columbus asubuhi na mapema kabla hasira haijanitoka mdomoni.

Kibaraza cha mbele cha nyumba ya Black Rock kilikuwa kimeoza. Nilinunua mbao, na jirani akaniazima msumeno wa umeme. Nilipouwasha tu, mama akatoweka. Nilimtafuta nyumba nzima, nikamkuta ndani ya kabati la makoti, amejikunja, mikono juu ya kichwa. Sikumwuliza amesikia nini. Watu wa rika lake waliovuka mpaka usiku hawaulizwi maswali hayo. Nilirudisha msumeno wa jirani, nikautoa ule wa Kijapani kwenye taulo nililoufungia, nikaanza kukata kibarazani kwa mkono, mguu mmoja juu ya ubao.

Una mlio wake. Ukivuta unakwaruza kwa sauti ndefu, ukisukuma unanyamaza. Sauti, kimya. Sauti, kimya. Ni mwendo uleule wa msumeno wa shimoni, ila mdogo zaidi. Nilikuwa nimefika kwenye ubao wa pili au wa tatu niliposikia harufu ya kitunguu na mawese. Nilidhani inatoka kwa jirani. Nilipoingia, mama alikuwa amesimama mbele ya jiko anageuza maharage, na meza imeandaliwa. Alikaa, akala. Akala sahani nzima, na mimi nikiwa nimesimama mlangoni na vumbi langu, naogopa hata kupumua.

Alipomaliza akachukua sahani nyingine, akapakua, akaifunika.

"Baba yako akimaliza huko nje, mwambie aje ale," alisema. "Chakula kinapoa."

Nywele zilinisimama. Kama ningesema amekufa, angeweka kijiko chini, na safari ya Columbus ingekuwa imeanza. Nikaichukua ile sahani, nikatoka nayo, nikakaa nyuma ya nyumba karibu na uzio, nikala chakula cha marehemu mpaka mwisho. Nikarudisha sahani tupu.

"Amekula?" mama aliuliza.

"Amekula."

Akaitikia kwa kichwa, akaiosha.

Basi hayo yakawa maisha yetu. Nilitoka kiwandani nilikopata kazi, nikabadilisha nguo, nikashika msumeno. Mama aliusikia, akapika, akala, akapakua cha baba, nami nikakimaliza kwa kujificha. Nguo zikaanza kunibana. Kanisani wakaniambia Buffalo imenikubali. Nilicheka nao, nikafikiri, mngejua ninachokula ni cha nani.

Kibaraza kilikamilika kabla ya majani kudondoka, na hapo ndipo ningepaswa kuacha. Sikuacha. Msumeno ukinyamaza, niliwaza, mama naye ataacha kula. Nikawa nanunua mbao za kukata bure, na theluji inayoletwa na upepo wa ziwani ilipoanza nikahamia chumba cha chini, kule kwenye tanuri la kupasha nyumba joto. Nilipanga mabenchi mawili chini ya balbu. Jiko lilikuwa juu ya kichwa changu, na sakafu ya mbao kati yetu, na niliposikia miguu ya mama ikikokota ndala kutoka sinki hadi mezani, nilijua niko wapi. Nilikuwa nimerudi shimoni, na nilirudi kwa miguu yangu.

Ndipo msumeno ukaanza kuwa mwepesi. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hajawahi kukata na mwenziwe. Nilivuta, na kabla sijasukuma kuurudisha, ulirudi. Kidogo tu. Mtu alikuwa ameupokea. Mara ya kwanza niliuachia mpini, nikarudi nyuma mpaka ukutani. Kisha nikasogea, nikaushika tena, kwa sababu nilikuwa nautambua ule mkono. Alikuwa na furaha. Ni yeye, na siku hiyo alikuwa na furaha.

Baada ya hapo sikuchora mstari tena. Nilifumba macho nikakata, na nilipofumbua mkato ulikuwa umenyooka. Wakati mwingine nilisikia "Vuta," bila sauti, ndani ya mkono. Na juu ya kichwa changu, pamoja na ndala za mama, kulikuwa na miguu mingine. Mizito, mitupu, isiyo na haraka. Ilikuja ikasimama pale nilipokuwa chini yake. Mama alipokwenda chumbani kwake kulala, miguu ile ilibaki.

Niliogopa? Niliogopa sana. Lakini niliogopa zaidi zile jioni ambazo sikuisikia.

Mdogo wangu alikuja wiki moja kabla ya Krismasi, kama alivyoahidi, na gari safi na begi tupu la nguo za mama. Mama alimpokea kwa furaha. Alipika ndizi, alipika samaki, alimwekea sahani iliyojaa, na nikaona mabega ya mdogo wangu yakilegea. Nikamshukuru Mungu, tumeshinda. Kisha mama akachukua sahani nyingine, akapakua, akaifunika.

"Hiki cha baba yenu," alisema.

Mdogo wangu aliweka uma chini. Nilimkonyeza, nikamwashiria mlango wa chini, tukashuka. Nilitaka kumweleza kwa utulivu kwamba ni jambo dogo, kwamba la maana ni mama anakula. Lakini hakunisikiliza. Alikuwa anatazama kuta. Vipande vya mbao vilikuwa vimepangwa kutoka sakafuni hadi kifuani kwake, pande zote, vingine vifupi kama kidole.

"Hizi za nini, Dada?"

"Za kukata."

"Kukata kwa ajili ya nini?"

"Kwa ajili ya mama. Akiusikia msumeno, anakula."

"This is not normal," alisema taratibu, kwa Kiingereza cha ofisini, halafu akarudi kwenye lugha yetu. "Hili si jambo la kawaida. Na nani anakula hicho chakula cha baba?"

"Mimi."

Alikaa kwenye benchi langu. Alinitazama muda mrefu, na macho yake yalikuwa na woga, ule ambao mtu huwa nao mbele ya mgonjwa.

"Nilikuja kumchukua mama," alisema. "Sasa sijui nimchukue nani."

Nilimtukana. Sitayarudia niliyosema. Alipanda ngazi nami nikamfuata mbio, maana nilijua anakwenda kufanya nini. Nilimkuta ameshapiga magoti mbele ya kiti cha mama, ameishika mikono yake.

"Mama. Baba alifariki. Tulimzika Louisville. Unakumbuka?"

Mama aliendelea kumtazama mpaka akamaliza. Kisha akautoa mkono wake wa kulia mikononi mwa mdogo wangu, akamwonyesha.

"Mkono huu ndio uliomfumba macho," alisema. "Leo wewe ndiye wa kunifundisha kwamba amekufa?"

Mama akanielekeza kwa kidevu.

"Asiyejua ni huyu. Hakulia. Hakula. Nikimpakulia, ameshiba. Kule Louisville ameshiba, kwako Columbus ameshiba, kumbe anakauka mbele ya macho yangu. Wewe ungemwona mtoto wako hivyo, chakula kingekupita kooni? Halafu siku ile nikasikia anakata kibarazani, mwendo ni wa baba yenu kabisa, nikajua yuko wapi. Nikasema, huyu chake hatakigusa, lakini cha baba yake hataacha kipoe. Na kweli alikila."

Nilitafuta kiti nikakikosa. Nilikuwa nimesimama pale jikoni, mwanamke mzima, na miezi yote ile ilikuwa inageuka kichwa chini miguu juu. Nikauliza swali la kijinga, kwa kuwa ndilo pekee nililokuwa nalo.

"Na lile kabati la makoti?"

"Lile lilikuwa kweli," mama alisema. "Mashine ile siipendi."

Mdogo wangu alicheka, halafu akafunika uso. Mama akainuka, akaanza kukusanya vyombo kama mtu aliyemaliza mkutano. Akamwambia atakwenda naye Columbus. Siyo kwa hao wazee wako, alisema, kwako, kwenye nyumba yako, na utaniletea jiko linalowaka vizuri.

"Mama!" nilipaza sauti. "Yote haya nimefanya ili usiende."

"Najua. Nikibaki, utakuwa na sababu ya kushuka kila siku."

"Sitashuka."

"Utashuka." Aliweka sahani chini, akaja akasimama mbele yangu, na alikuwa mfupi kuliko ninavyomkumbuka. "Kule kambini baba yako alipokutia shimoni, nilikufunga kitenge nikanyamaza. Tulikuwa tunahitaji kula. Nilikuwa nakwenda kwenye kuni na sauti yako naisikia huko chini, unakohoa, na mimi nimenyamaza. Baba yako alikuwa mtu mwema, lakini alikutia shimoni. Safari hii sinyamazi. Toka humo, mwanangu."

Waliondoka Jumapili baada ya ibada. Nilisimama kwenye kibaraza changu kipya mpaka gari likapinda. Sikuwa na hasira hata kidogo, na hilo lilinitisha, kwa kuwa hasira ndiyo iliyokuwa ikinisimamisha. Nyumba ilikuwa na joto na harufu ya samaki wa jana. Nilijiambia sishuki. Usiku ulipoingia nikajiambia nashuka kidogo tu, kuupaka msumeno mafuta usije ukapata kutu. Nilipofika chini niliukuta juu ya ubao, na ubao ulikuwa na mkato ulioishia katikati. Nikaweka mguu. Nikavuta.

Ulirudi wenyewe, mwepesi kuliko siku zote.

Simu ikaita mfukoni. Walikuwa wameshafika.

"Umekula?" mama aliuliza.

"Nimekula."

"Uko wapi?"

"Jikoni."

Nyuma yake nilisikia mdogo wangu akifungua na kufunga makabati.

"Uongo," mama alisema. "Sauti yako ikiwa shimoni naijua."

Juu ya kichwa changu ile miguu ilikuwa imeanza kutembea. Ilitoka upande wa sinki, ikapita mezani, ikaja ikasimama. Ubao wa sakafu ulilia kwa uzito wake.

"Mama," nilinong'ona, "kuna mtu huko juu."

Nilidhani atanigombeza, au ataanza kuomba. Hakufanya hivyo.

"Basi panda ukamwone," alisema. "Sikati simu."

Nilipanda. Nilikuwa nimeshika simu kwa mkono mmoja na ukuta kwa mkono mwingine, na pumzi ya mama ilikuwa sikioni mwangu ngazi baada ya ngazi. Miguu haikusogea. Nilifika juu, nikashika kitasa, nikasimama hapo. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne tena, na nilikuwa sijawahi kuuona uso wake akiwa kazini. Nikafungua.

Taa ya jikoni ilikuwa inawaka. Viti vilikuwa vimesukumwa chini ya meza, kama mama alivyoviacha.

"Yupo?" mama aliuliza.

"Hayupo," nilisema, na neno lenyewe likanishinda nguvu. Nilikaa sakafuni mlangoni, nikamlilia baba yangu kwa sauti, na mama kule Columbus akanisikiliza mpaka nikamaliza.